Baada ya Kamba Kukatwa: Habari za Upendo katika Siku za Kwanza za Misheni Yetu



Katika kitabu hiki cha Jubilei ya dayosisi yetu ya Masasi, iliyotengwa na dayosisi ya Unguja mwaka 1926, mtasoma habari za Maaskofu waliotuongoza, za makanisa ya mawe yaliyojengwa, za shule na hospitali. Hayo yote ni mema kukumbukwa. Walakini mimi, niliye mwalimu wa dini tu, nimetakiwa kuandika habari za jambo lisilopigwa picha wala kuhesabiwa katika daftari la kanisa, nalo ni upendo.

Kazi hii si nyepesi. Kanisa likijengwa, msingi wake huonekana hata baada ya miaka 100. Upendo ukitendwa, nani atauona msingi wake? Nikafikiri sana, nikaona ya kuwa katika habari za misheni yetu iko njia moja ambayo twaweza kuifuata mguu kwa mguu, nayo ni habari ya watu waliofunguliwa utumwani. Maana misheni hii iitwayo U.M.C.A. haikuanza kwa watu wenye koo na mashamba. Ilianza kwa watu waliouzwa. Na hao ndio waliotuletea Injili hapa Masasi.

Basi tuanze mbali kidogo, katika nchi iitwayo leo Malawi.

Mwezi wa Desemba mwaka 1857 Daktari David Livingstone alisema na wanafunzi na wakuu wa chuo cha Cambridge, Uingereza, akawasihi waikumbuke Afrika. Kwa maneno yale misheni ikaanzishwa, na tarehe 1 Januari 1861 Charles Mackenzie akawekwa wakfu huko Cape Town kuwa Askofu wake wa kwanza. Mwaka ule ule akapanda mto Shire pamoja na Livingstone. Tarehe 16 Julai walikuwa katika kijiji cha mzee mmoja jina lake Mbame, na mara wakaona msafara wa watumwa unashuka: wanaume shingoni wana makongwa, wanawake na watoto wamefungwa kwa kamba. Wenye msafara walipowaona Wazungu wakakimbia porini. Askofu mwenyewe hakuwapo saa ile, alikuwa amekwenda kuoga. Lakini katika mizigo yake ulikuwamo msumeno, na kwa msumeno ule makongwa yakakatwa, moja baada ya moja. Wakahesabiwa watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Wakapewa unga wajipikie, nao wanawake wakachukua yale makongwa na zile kamba wakazifanya kuni.

Livingstone ameandika ya kuwa mtoto mmoja mdogo aliwauliza wale waliowafungua swali: wenzao waliwafunga na kuwashindisha njaa, nao hawa wamewafungua na kuwalisha, je, ni watu wa namna gani hawa, na wametoka wapi?

Naona swali lile la mtoto ndilo swali ambalo Kanisa limeulizwa tangu siku ile, na jibu lake halikupatikana siku ile. Kukata kamba ni kazi ya asubuhi moja. Mtu akiwa na nguvu kuliko mwenzake aweza kuikata, akasifiwa, akaenda zake. Lakini yule aliyefunguliwa atalala wapi usiku? Atakula nini mwezi ujao? Akiugua, nani atamwuguza? Akitaka kuoa, nani atamposea? Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya Msamaria, na sisi walimu twapenda kuifundisha mpaka pale alipomfunga majeraha yule aliyepigwa. Walakini habari haikuishia pale. Alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, ndiyo kusema yeye alikwenda kwa miguu. Akalala naye katika nyumba ya wageni. Asubuhi akatoa fedha. Akaahidi kwamba atarudi na kulipa tena likizidi deni. Sehemu kubwa ya upendo wake ilikuwa baada ya majeraha kufungwa.

Sasa tazameni yaliyotokea. Wale watu 84 waliambiwa kwamba wako huru kwenda watakako, nao wakakaa na Askofu, wakafanya kijiji pamoja mahali paitwapo Magomero. Wengine wakaongezwa. Maana Askofu, kwa huruma yake, alichukua silaha pamoja na wenyeji wa nchi ile akawapiga Wayao waliokuwa wakiteka watu, akawafungua mateka wengine. Baadhi ya rafiki wa misheni kule Uingereza walimlaumu sana, wakisema Injili haipandwi kwa bunduki. Mimi sipendi kuwa mwepesi wa kumlaumu mtu aliyesikia kilio cha mama mbele ya mlango wake. Lakini twaweza kusema hili: alijua kufungua kuliko alivyojua kulisha. Nchi ilikuwa katika vita, mashamba yameachwa, mvua zikakosekana, njaa kali ikaingia mwaka 1862, na ugonjwa wa kuhara damu. Wengi wa watoto wale waliofunguliwa wakafa Magomero. Askofu mwenyewe hakuyaona yote. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka usiku na dawa zake za homa zikapotea majini, akafa tarehe 31 Januari 1862 katika kisiwa cha mto Shire. Hakuwa ametimiza mwaka mmoja katika nchi.

Akaja Askofu wa pili, William Tozer, mwaka 1863, akaona kazi haiwezekani mahali pale, akaamua kuhama. Kwa hesabu za kibinadamu alikuwa na haki, na Mungu alilitumia shauri lile kwa wema wetu, maana ndilo lililoileta misheni Unguja. Lakini hapo pana jambo ambalo nataka vijana wetu walijue. Katika wamisheni alikuwapo mtu asiye padre, jina lake Horace Waller. Yeye aliuliza: na wajane na yatima hawa tuliowafungua, tutawaachia nani? Akakataa kuwaacha. Akajitenga na misheni, akawachukua wale wasio na mtu, yeye na Livingstone, wakawashusha mtoni mpaka baharini, na wengi wao wakapelekwa Cape Town wakatunzwa huko. Katika siku zile za majonzi naona Waller ndiye aliyelijibu swali la mtoto wa Mbame vizuri kuliko wote, naye hakuwa na kofia ya Askofu wala joho la padre.

Katika wale waliofunguliwa siku ile kwa Mbame alikuwamo kijana Myao jina lake Chuma. Livingstone akamchukua hata Bombay, akasoma huko, akabatizwa James. Kisha akamfuata Livingstone katika safari yake ya mwisho. Habari hiyo yajulikana na wengi: jinsi Livingstone alivyokufa kijijini kwa Chitambo, mwezi wa Mei mwaka 1873, na jinsi watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walivyouzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake juani kwa chumvi, wakauchukua mabegani mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Ni mwendo wa miezi mingi, katika nchi ambazo watu wake waliogopa maiti kuliko simba. Walipofika Unyanyembe wakakutana na Wazungu waliowashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Kijana Jacob Wainwright, aliyejua kusoma, ndiye aliyesoma sala za maziko kule kwa Chitambo.

Wengi husimulia habari hii kama sifa ya Livingstone, ya kwamba alipendwa. Ni kweli. Lakini mimi naisoma kwa upande wa pili. Yule aliyekatwa kamba mwaka 1861 akiwa mtoto, mwaka 1873 ndiye anayebeba. Hakulazimishwa na mtu. Bwana wake amekufa, bunduki na nguo zimo mikononi mwao, nchi ni pana. Nani angewauliza wangejiendea? Na walipofika pwani hawakupewa makuu. Walilipwa mshahara wao, wakaambiwa kwa herini. Melini aliingia Jacob peke yake, naye kwa gharama ya misheni nyingine. Chuma na Susi hawakuwapo London maiti ilipozikwa kwa heshima mwezi wa Aprili. Baadaye tu rafiki mmoja wa Livingstone akawalipia nauli, wakamsaidia Waller, yule yule wa Magomero, kuzitengeneza karatasi za marehemu. Kisha Chuma akarudi akawa kiongozi wa misafara ya misheni yetu, akafa Unguja mwaka 1882. Susi akabatizwa Unguja mwaka 1886 kwa jina la Daudi, akafa mwaka 1891.

Turudi Unguja. Askofu Tozer na padre wake Edward Steere walifika huko mwaka 1864. Sultani Majid akampa Askofu watoto watano wanaume, waliotolewa katika jahazi lililokamatwa na watumwa. Ndio wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kupewa daraja hiyo.

Watoto watano, tena zawadi ya mfalme Mwislamu! Mtu akiwaza jinsi watumwa walivyokuwa wengi katika soko la Unguja katika siku zile, aweza kucheka. Kwenye majahazi yale, mtumwa aliyekuwa mgonjwa sana alitupwa baharini au kuachwa pwani afe, kwa kuwa ushuru ulitozwa kwa kila kichwa, na mwenye mali hakutaka kumlipia ushuru mtu atakayekufa kesho. Hesabu ile ndiyo kinyume cha upendo hasa. Wengine hudhani kinyume cha upendo ni chuki. Lakini wale wenye majahazi hawakuwachukia watumwa wao. Waliwapigia hesabu tu.

Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kikaingia Unguja, watu wakafa kwa maelfu, na maskini na watumwa zaidi ya wengine. Daktari James Christie, aliyekuwa daktari wa misheni, aliandika baadaye kitabu kizima juu ya tauni ile na njia zilizoifikisha. Mji ulijaa maiti. Katika waliokufa wakati ule alikuwamo George Farajallah, mwenzake John Swedi, kijana ambaye alikuwa amekwisha kuanza kazi ya kanisa na watu walimtumaini sana. Naye ni katika waliokuja kama mizigo, akafa kama mwana wa nyumba, akililiwa. Kwa mtu mwenye ukoo hilo si jambo la kushangaza. Kwa mtumwa lilikuwa jambo jipya kabisa: kwamba akifa pana mtu wa kulia.

Hapa yanipasa nieleze neno kwa wasomaji wasiokaa katika nchi hii yetu. Wayao, Wamakua na Wamakonde hushika ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Mtu asiye na mjomba hana wa kumposea mke, hana wa kumlipia deni, hana wa kumsimamia barazani, na siku akifa hana wa kunyoa nywele kwa ajili ya matanga yake. Kwa hiyo mtumwa hakuwa maskini wa mali tu. Alikuwa maskini wa watu. Mali yaweza kupatikana kwa jembe. Mjomba hapatikani kwa jembe. Basi misheni ilipomfungua mtu na kumwambia kwamba sasa yu huru, kwa masikio yake neno lile liliweza kuwa na maana ya kutisha: huna mwenyewe. Ilikuwa lazima wale waliofunguliwa wawe wajomba na madada na wakwe wao kwa wao, watu wa makabila mbalimbali, wasiosikilizana lugha ila kwa Kiswahili walichojifunza pamoja. Waliosimama pamoja kisimani wakati wa ubatizo wakahesabiana ndugu; mwenye nyumba akamposea asiye na mtu; na aliyekufa akazikwa na wote.

Nami nadhani ndiyo sababu Askofu Steere alijitaabisha sana na lugha. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na vijana wa Kiungani, ambao jana waliuzwa kwa doti za nguo, wakawa wapiga chapa wa vitabu vya Mungu. Katika kuyatafuta maneno alisaidiwa na wenyeji wa Unguja wenye elimu, Waislamu. Ni haki tulikumbuke hilo. Maneno tunayoyasema kila Jumapili, upendo, rehema, jirani, hayakuletwa na meli kutoka Ulaya. Tulipewa na watu wa pwani, waliyokuwa nayo tangu zamani.

Mwaka 1871 misheni ikanunua shamba la Mbweni, ili watu waliofunguliwa wapate mahali pa kukaa na kulima. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akihimizwa na Waingereza, akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini katika uwanja wa soko lenyewe. Habari ya kanisa lile imeandikwa mara nyingi, nami sitairudia.

Ila Mbweni nataka kukaa kidogo, maana si yote yaliyokuwa mazuri, na kitabu cha Jubilei kisichosema ila sifa hakimfai msomaji. Ardhi ilikuwa ya misheni, sheria ni za misheni, na kengele ilipolia ilikuwa lazima watu watoke. Baadhi ya watu waliofunguliwa wakaona kwamba wamebadilisha bwana tu. Wakaondoka, wakaenda mjini kufanya kazi ya mshahara au kuchukua mizigo ya wasafiri. Walimu wengine waliwaita watu wale wasio na shukrani. Mimi siwaiti hivyo. Upendo ukimfungua mtu mkono mmoja na kumshika kwa mkono wa pili, haujafika. Na mahali pengine mambo yalikuwa mabaya kuliko Mbweni. Kwa jirani zetu wa misheni ya Blantyre, wamisheni walijifanya mahakimu, wakachapa watu viboko, hata Kanisa la Scotland likapeleka wajumbe mwaka 1880 kuchungua, na waliokosa wakaondolewa. Tusidhani basi kwamba mtu akiisha kuvuka bahari kwa ajili ya Injili, ameisha kuupata upendo. Huupata au huukosa kila siku, pale pale alipo, katika jinsi anavyomwambia mpishi wake neno.

Nadhani Askofu Steere, aliyewekwa wakfu mwaka 1874, aliliona jambo hili mapema. Alisema moyoni: watu hawa si wa Unguja, warudishwe kwao, wakakae kama watu wenye nchi. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, ambaye watu wake walifanya biashara ya watumwa. Naye akampokea vizuri. Mwaka 1876, mwezi wa Oktoba, akatoka Unguja na watu wa Mbweni zaidi ya 50, waume kwa wake, waliokubali kwa hiari yao. Wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Shauri lilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa, ambako ndiko asili ya wengi wao. Lakini walipofika Masasi, chini ya majabali haya tunayoyaona kila asubuhi, watu wakasema: hapa patatufaa. Maji yapo, udongo ni mwema. Askofu akawasikiliza. Akamwacha William Percival Johnson pamoja nao, naye akarudi pwani.

Nawaomba msipite upesi katika neno lile, akawasikiliza. Askofu alikuwa na shauri lake, na ramani yake, na rafiki waliotoa fedha kwa ajili ya Nyasa. Mji huu wetu wa Masasi ulipata misheni kwa sababu watu waliokuwa watumwa walisema neno, nalo likafuatwa. Yawezekana ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi wao.

Hawakukaa raha. Mwezi wa Septemba mwaka 1882, wiki chache tu baada ya Askofu Steere kufa Unguja, Wangoni, ambao wengine waliwaita Magwangwara, wakaja Masasi kwa vita. Padre Chauncy Maples ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Nyumba zikateketezwa, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mkumbuke waliochukuliwa ni watu gani: watu waliokwisha kutekwa mara moja utotoni, wakafunguliwa, wakapata nyumba na mke na watoto, sasa kamba tena shingoni. Waliobaki wakakimbilia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, naye akawapa mahali. Myao aliwapokea watu ambao wengi wao waliuzwa na Wayao. Historia ya nchi hii haiwezi kugawanywa kwa kisu, upande huu wabaya na upande huu wema.

Sasa niseme habari ya mtu mmoja, maana kwangu mimi ndiye aliyeufikisha upendo huu mpaka mwisho wa njia. Jina lake Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akafika Unguja, akafunguliwa, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza, kusoma zaidi. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, na mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre: Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kuwa padre. Mtu kama yeye angeweza kukaa Unguja. Mji ulikuwa na masomo, na rafiki, na samaki kila siku. Yeye pamoja na mkewe Lucy na watoto wao wakaenda kukaa Chitangali, katika nchi ya Wayao, kwa mkuu Nakaam. Yaani alirudi kwa watu wa kabila lake, ambao miongoni mwao walikuwako wenye kuuza watu kama alivyouzwa yeye.

Jaribuni kuwaza siku yake ya kwanza barazani. Katika wazee walioketi pale wamo bila shaka waliokwenda pwani na misafara. Pengine wapo wenye watumwa nyumbani siku ile ile. Naye amesimama mbele yao, mtu waliyemjua kuwa aliuzwa, na kwa desturi mtu aliyeuzwa hana neno barazani. Hakuja kudai fidia. Hakuja na askari, maana Wadachi walikuwa wangali wageni bara. Alikuja na darasa la watoto na sala za asubuhi na jioni. Alikaa miaka, si siku. Akajenga shule, akafundisha, akabatiza, na Nakaam mwenyewe akawa Mkristo, akaitwa Barnaba. Wazungu waliopita Chitangali waliiona kazi yake wakaistaajabia. Mimi nastaajabia zaidi jambo ambalo hawakuliona kwa macho, kwamba mtu aliyetendwa vile aliweza kumtawadha mtoto wa waliomtenda, akamwita mwanangu.

Yapo mambo mengi baada ya hapo ambayo wengine wameyaeleza katika kitabu hiki: jinsi kituo cha Masasi kilivyochomwa tena katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, jinsi katika vita vya 1914 Wadachi walivyowafunga wamisheni Waingereza na walimu wengi wa Kiafrika pamoja nao, na mapadre Waafrika wakalichukua Kanisa mabegani, kama Chuma na Susi walivyouchukua mwili ule. Nayapita.

Lakini jambo moja siwezi kulipita. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922. Sheria ilikata kamba iliyobaki. Walakini katika vijiji vyetu, hata leo, pakitokea ugomvi wa shamba au posa ikikataliwa, bado husikika mtu akinong'ona kwamba bibi yake fulani alikuwa kapolo, alinunuliwa. Nimelisikia neno hilo likisemwa na Wakristo waliotoka kupokea Ushirika asubuhi ile. Wanaolisema hujiona watu wa ukoo safi. Nataka wajue ya kuwa bila makapolo wale zaidi ya 50, waliopanda kutoka Lindi mwaka 1876 na vifurushi vyao kichwani, wao wenyewe hawangekuwa na kanisa la kutoka. Na mwenye bibi aliyenunuliwa asione haya. Bibi yake ndiye aliyefika kwanza.

Tena si hao tu. Wako wasio na ukoo wa siku hizi: mtoto ambaye wazazi wamekufa na wajomba wamegawana mabati ya nyumba, mwanamke mzee anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka 60, mgeni aliyekuja kufanya kazi ya korosho, akaugua, na hakuna ajuaye kwao. Kuwapa shuka moja siku ya Krismasi twajua sana. Kamba tumezikata nyingi kwa namna hiyo. Nawauliza walimu wenzangu, kila mtu katika mtaa wake: mwezi wa pili, mwezi wa tatu, nani anayekwenda kumtazama?

Niongeze habari moja tu, kisha nimwachie nafasi mwenzangu anayefuata. Mwaka 1877 alikwenda Mbweni Bibi mmoja Mwingereza, Caroline Thackeray, kuwa mkuu wa shule ya wasichana waliofunguliwa. Wengi wa wanawake waliokuja huku kwetu na waume zao, walimu na mapadre, walisomeshwa naye. Bibi zetu waliwafuma nguo na kuwafundisha kusoma kwa mkono uliofundishwa Mbweni. Aliifanya kazi ile miaka 25, akaiacha mwaka 1902, amekwisha kuchoka. Watu walidhani sasa atarudi kwao Uingereza kupumzika, kama ilivyo desturi. Hakurudi. Alikaa Mbweni katika nyumba yake, karibu na wale aliowafundisha, na watoto wao, na wajukuu wao, miaka mingine 24, wakija kumwamkia na kumweleza shida zao, mpaka alipofariki papo hapo mwaka 1926, mwaka ule ule dayosisi yetu ilipotengwa.